Hisabati ya kina au ya matumizi? Wazazi tuulize mlango kabla ya kuuliza wepesi

Swali ambalo wazazi wa kwetu wanaoishi huku Thika na Ruiru wanaulizana sana siku hizi, msikitini, dukani na ndani ya matatu, ni hili: mtoto akiingia Gredi ya 10, achukue hisabati ipi? Zamani swali hili halikuwepo. Hisabati ilikuwa moja, ukiipenda usiipende. Sasa ziko mbili, na mtoto wa miaka kumi na mitano anatakiwa aseme anataka ipi.

Na wewe uliyeko Kisauni, Malindi au Lamu usidhani ukurasa huu haukuhusu. Mtoto wako anaweza kupangiwa shule ya huku, na hata akibaki huko nyumbani kanuni ni zile zile nchi nzima.

Nataka leo tulieleze jambo hili taratibu, kwa sababu nimeona linaamuliwa haraka mno. Mtoto anasema "hesabu ngumu", mzazi anasema "basi chukua ile nyepesi", na mlango unafungwa bila mtu kuangalia ulikuwa unaelekea wapi.

Hisabati mbili zimetoka wapi

Chini ya mfumo mpya wa elimu, mtoto akimaliza Gredi ya 9 na kufanya mtihani wa KJSEA, anaingia sekondari pevu kwa miaka mitatu, Gredi ya 10 hadi 12. Kundi la kwanza lilifanya KJSEA mwishoni mwa mwaka 2025 na likaingia Gredi ya 10 Januari 2026. Hao ndio watakaomaliza Gredi ya 12 mwaka 2028.

Huko juu kuna mikondo mitatu: STEM, yaani sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati, Sayansi za Jamii, na Sanaa pamoja na Sayansi ya Michezo. Serikali imesema inataka asilimia 60 ya wanafunzi waende STEM, asilimia 25 Sayansi za Jamii na asilimia 15 Sanaa na Michezo. Kila mwanafunzi anasoma masomo saba: manne ya lazima na matatu ya kuchagua kulingana na mkondo wake.

Mwanzoni mpango ulikuwa hisabati isiwe ya lazima kwa aliye nje ya STEM. Wazazi, walimu na wasomi walipiga kelele. Mwezi Aprili 2025 Waziri wa Elimu Julius Ogamba akatangaza kwamba hisabati itakuwa ya lazima kwa wote, ila kwa sura mbili. Walio STEM watasoma ile ambayo kwenye ratiba inaandikwa Core Mathematics. Hiyo hapa nitaiita hisabati ya kina. Walio katika mikondo ile miwili mingine wametengewa iliyorahisishwa, Essential Mathematics, ambayo nitaiita hisabati ya matumizi.

Kwa hiyo mzazi akisikia "hisabati ni lazima kwa wote" asitulie akidhani mambo ni kama zamani. Lazima ni hisabati, lakini hisabati yenyewe si moja.

Tofauti yake ni ipi hasa

Tuchukue mifano miwili ya kawaida ili tofauti ionekane.

Mama ananunua gunia la mchele wa pishori kilo 50 kwa shilingi 8,000. Gari linamlia shilingi 500. Anauza kilo moja shilingi 190. Amepata faida asilimia ngapi? Mauzo ni 9,500, gharama ni 8,500, faida ni 1,000, na hiyo ni karibu asilimia 11.8 ya alichotoa. Hesabu hii ina thamani kubwa na wako watu wazima wenye maduka wasioijua. Ni hesabu ya pesa, vipimo, asilimia, kusoma jedwali na kuelewa takwimu. Huu ndio moyo wa hisabati ya matumizi.

Sasa mfano wa pili. Mzee ana waya wa mita 60. Anataka kuzungushia bustani pande tatu, upande wa nne ni ukuta wa nyumba. Apime vipi ili apate eneo kubwa kuliko yote? Akiweka mita 10 kwenye kila ubavu, mbele inabaki 40, na eneo ni mita mraba 400. Akiweka 15, mbele inabaki 30, na eneo ni 450. Akiweka 20, inabaki 20, na eneo linarudi 400. Kwa kujaribu tumeona 15 ni bora. Mwanafunzi wa hisabati ya kina anatakiwa aende mbele zaidi: aandike mlinganyo wake, auchore, na aonyeshe kwa nini hakuna kipimo kingine kinachoweza kuishinda 15, si kwa mita 60 tu bali kwa waya wa urefu wowote.

Hapo ndipo zinapoachana. Ya matumizi inamfundisha mtoto kufikia jibu la jambo lililo mbele yake. Ya kina inamfundisha kushughulikia jambo asilolijua bado, kwa herufi na milinganyo, kisha inaongeza logi, vekta na mengine ambayo mhandisi, mkadiriaji majengo au mtaalamu wa bima hawezi kufanya kazi bila hayo.

Zote mbili ni elimu, na mtoto anayesoma ya matumizi si mjinga. Lakini vyuo haviziangalii kwa jicho moja, na hilo ndilo mzazi anapaswa kulijua mapema.

Tembea Barabara ya Thika uone milango

Sisi tunaoishi huku tuna bahati moja. Milango yenyewe tunapita mbele yake kila siku.

Ukitoka Ruiru unakuta Chuo Kikuu cha Zetech na kampasi ya Kenyatta University. Ukifika Juja kuna JKUAT, kilichoanza mwaka 1981 kama chuo cha kilimo na teknolojia kwa msaada wa Japani na kuwa chuo kikuu kamili mwaka 1994. Ukiingia Thika kuna Mount Kenya University, chuo cha ufundi cha Thika Technical na kampasi ya chuo cha utabibu cha KMTC. Mang'u High, jirani na Thika, inajulikana kwa kufundisha somo la teknolojia ya ndege. Ongeza viwanda: Devki ya chuma Ruiru, Bidco ya mafuta Thika, na Del Monte ya mananasi.

Sasa uliza kila mlango unataka nini. Kwa masharti tuliyoyazoea chini ya KCSE, uhandisi JKUAT au popote pengine hutaka hisabati, fizikia na kemia, zote zikiwa na alama nzuri. Usanifu wa majengo, takwimu, sayansi ya kompyuta na hesabu za bima zote husimama juu ya hisabati. Kozi za afya hutazama baiolojia na kemia kwanza, kisha huuliza fizikia au hisabati. Sheria, lugha, uandishi wa habari na masomo ya dini huangalia zaidi lugha na alama ya jumla.

Kundi hili la kwanza la mfumo mpya litafika vyuoni baada ya 2028. Masharti yanaweza kuandikwa kwa maneno mapya, lakini daraja halitajengwa bila trigonometria kwa sababu mtaala umebadilika jina. Kozi iliyohitaji hisabati jana itaihitaji kesho.

Mitego mitatu ya watu wa kwetu

Mtego wa kwanza ni biashara. Sisi watu wa Pwani tuna biashara damuni, na watoto wetu wengi wanapenda somo la Biashara. Somo hilo liko kwenye mkondo wa Sayansi za Jamii, na mkondo huo umetengewa hisabati ya matumizi. Mtoto anaona amepata raha mbili: biashara anayoipenda na hesabu nyepesi. Lakini miaka mitatu baadaye anataka kusoma shahada ya uchumi, uhasibu, fedha au bima, na kozi hizo ni hisabati tupu. Hata benki ya Kiislamu haikwepi: mtu anayepanga murabaha au takaful anakaa na milinganyo kutwa. Kwa hiyo mtoto wa Sayansi za Jamii anayelenga uchumi au fedha, mzazi akazungumze na shule mapema ili awekwe kwenye darasa la hisabati ya kina. Ruhusa ya maneno peke yake haitoshi. Hakikisha ratiba ya shule ile inamwezesha kuingia darasani.

Mtego wa pili ni bahari. Tunasema watoto wa Pwani warithi bandari na uvuvi, na ni haki yao. Katika mfumo mpya somo la teknolojia ya bahari na uvuvi limewekwa ndani ya STEM. Maana yake ni kwamba anayetaka njia hiyo anasoma hisabati ya kina. Wazee wetu waliovuka mpaka Maskati na Bara Hindi walisoma nyota, pepo na maji kujaa na kupwa. Hawakuwa na cheti, lakini walikuwa na hesabu. Mjukuu wao hatapewa meli kwa sababu babu alikuwa nahodha.

Mtego wa tatu ni dini. Masomo ya Kiislamu na Kiarabu yako upande wa Sayansi za Jamii, na wazazi wengine wanampeleka mtoto huko kwa ajili hiyo tu, hata kama akili yake iko kwenye sayansi. Nia ni njema. Lakini tukumbuke aljebra imepata jina lake kutoka kitabu cha Al-Khwarizmi wa Baghdad, karne ya tisa, na sehemu kubwa ya kitabu hicho inahusu kugawa mirathi. Hakutenganisha dini na hesabu. Mtoto anaweza kusoma fizikia shuleni na fiqhi madrasa. Kabla ya kuamua, angalia pia orodha ya michanganyiko ya masomo katika shule unayoitaka, uone kama kuna unaobeba somo la dini pamoja na sayansi.

Tuliwahi kuona hili kabla

Kuwa na hisabati mbili si jambo geni. Hapa Kenya, ndani ya KCSE, Baraza la Mitihani lilikuwa na hisabati mbili: ile ya kawaida yenye namba 121 na nyingine nyepesi, Alternative B, yenye namba 122. Ile ya pili ilikusudiwa wale ambao hawangeenda kwenye kozi za hisabati. Waliofanya walikuwa wachache sana na shule nyingi hazikuifundisha kabisa. Wazazi na walimu waliogopa kwamba cheti chenye 122 kingemfungia mtoto milango.

Ndugu zetu wa Tanga na Unguja wanalijua jambo hili vizuri zaidi. Kidato cha tano na sita Tanzania kuna hisabati ya juu kwa wanaosoma PCM, EGM na kadhalika, na kuna hisabati tumizi ya msingi, maarufu kama BAM, kwa wa PCB, CBG, HGE na wengineo. Kijana wa PCB anasoma BAM na anakuwa daktari bila shida, kwa sababu njia ya udaktari haimdai zaidi. Lakini kijana huyo huyo akizinduka kidato cha sita kwamba anataka kuwa mhandisi wa umeme, anakuta mwenzake wa PCM yuko mbali. Uganda nako wanaosoma sayansi bila hisabati kamili hupewa hisabati ndogo ya nyongeza.

Funzo ni kwamba hisabati nyepesi haina ubaya ikiwa njia unayoiendea haikudai zaidi. Ubaya ni kuichukua kabla ya kujua njia.

Mtoto wangu anaiweza?

Hili ni swali la haki, na matokeo ya KJSEA peke yake hayatoshi kulijibu. Kwenye upangaji wa shule, KJSEA inabeba asilimia 60, mtihani wa Gredi ya 6 asilimia 20, na kazi za darasani za Gredi ya 7 na 8 asilimia 20. Kila somo linapewa kiwango, kutoka EE1 yenye pointi 8 mpaka BE2 yenye pointi 1. Mtoto aliye EE au ME katika hisabati asikwepe hisabati ya kina kwa uoga. Aliye BE tusimlazimishe kwa sababu ya fahari yetu. Kazi iko kwa wale wa katikati.

Kwa hao wa katikati, chukua kitabu cha hisabati cha Gredi ya 9 na umpe maswali kumi. Kaa naye, hata kama wewe mwenyewe hisabati ulishaisahau. Usiangalie alama. Angalia makosa. Kosa la kuhesabu, kusahau alama ya kutoa, kuruka hatua, hayo ni ukosefu wa mazoezi na yanatibika. Kosa la kutojua swali linataka nini, tena swali baada ya swali, hilo ni zito zaidi na linahitaji mwalimu.

Kisha angalia anafanya nini akikwama. Kuna mtoto anayefuta na kuanza upya, na kuna anayefunga kitabu. Wa kwanza, hata kama alama zake ni za wastani, ana tabia ambayo hisabati ya kina inaitaka. Wa pili msaidie apate tabia hiyo kwanza.

Na tuwe wakweli kuhusu muda. Hisabati ya kina inataka mazoezi ya kila siku. Mtoto wa shule ya kutwa anayetoka Ruiru kwenda Thika na kurudi anapoteza saa nzima au zaidi barabarani, akifika ni magharibi, kisha kuna madrasa. Ikiwa mzazi hataki kumtafutia dakika arubaini za utulivu kila usiku, basi anamtuma vitani bila silaha.

Maswali ya kuuliza shule

Kabla ya kujaza fomu au kukubali nafasi, nenda shuleni au piga simu, uulize haya waziwazi.

Shule ina walimu wangapi wa hisabati, na darasa moja lina wanafunzi wangapi? Shule zote za sekondari pevu zinatarajiwa kutoa STEM, lakini mkondo kwenye karatasi na mwalimu darasani ni vitu viwili.

Maabara iko? Mtoto anayesoma hisabati ya kina kwa ajili ya uhandisi bila maabara ya fizikia ana mguu mmoja.

Mwanafunzi wa Sayansi za Jamii anaweza kusoma hisabati ya kina hapa, na masomo yake mengine hayatagongana nayo?

Mtoto akitaka kubadilisha, anapewa muda mpaka lini? Kwa jambo hili kumbuka kanuni moja: kushuka ni rahisi kuliko kupanda. Aliyeanza na ya kina akahamia ya matumizi anakuta mengi ameshayaona. Aliyeanza na ya matumizi akataka ya kina muhula wa tatu anakuta wenzake wameshamaliza sura ambazo yeye hajaziona, na hisabati ni ngazi, huruki kidato.

Kwa hiyo mtoto aliye katikati, mwenye uwezo wa wastani na asiyejua bado anataka kuwa nani, ushauri wangu ni aanze na ya kina ikiwa mkondo wake na shule yake vinaruhusu, mkiwa mmekubaliana naye tarehe ya kupima. Mwisho wa muhula wa kwanza mkae, mtazame, muamue. Asiachwe azame mwaka mzima kwa sababu wazazi wanaona haya.

Kwa nani hisabati ya matumizi ndiyo sahihi

Kuna mtoto ambaye moyo wake uko kwenye fasihi, Kiarabu, historia au muziki, anajua anakotaka kwenda, na mlango wa huko haumdai milinganyo. Huyu akilazimishwa STEM atashindwa mara mbili: hatakuwa mhandisi, na alama zake za lugha zitaanguka kwa kukosa muda. Wakili mzuri, mwalimu mzuri wa Kiswahili au kadhi mzuri anahitajika sana katika jamii yetu. Mtoto wa aina hii aichukue hisabati ya matumizi bila aibu, lakini aisome kwa bidii. Kadhi atagawa mirathi, mwandishi atasoma bajeti ya kaunti, na kila Mwislamu mwenye mali atatoa zaka yake, moja katika arubaini.

Maji hufuata mkondo, wahenga walisema. Mwenye kumchagulia mtoto mkondo ajue kwanza unamwaga wapi. Wiki hii, kabla hujamuuliza mtoto wako hesabu ipi ni rahisi, muulize anataka kuamka kila asubuhi kwenda kufanya kazi gani. Akikujibu, nendeni pamoja mkaulize kazi hiyo inataka hisabati ipi. Akikwambia hajui, hilo nalo ni jibu, na lina maana moja: msifunge mlango wowote bado.

Tukutane wiki ijayo inshaAllah.